Kuchunguza Madai ya Setilaiti Kabla ya Kulipa

Mtu anunuapo mchele sokoni huchota kiganja kimoja, akaunusa, akauliza kama umetoka Kyela au Shinyanga, ndipo akatoa fedha. Huduma ya setilaiti haichoteki wala hainusiki. Mnunuzi huoneshwa dishi, kijisanduku au picha ya simu, akaambiwa kwamba mengine yote yako angani. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Si lazima kwa udanganyifu, bali mara nyingi kwa sababu muuzaji na mnunuzi wote wawili hawajui setilaiti inayozungumzwa hufanya kazi gani. Jambo hilo mtumiaji anaweza kulichunguza mwenyewe, kwa kitabu cha maktaba na kwa simu yenye intaneti, kabla hajatia sahihi.

Kwanza autenge utumizi na neno lenyewe. Setilaiti moja hurusha matangazo ya televisheni, nyingine hutangaza saa na mahali, nyingine hupiga picha za ardhi, nyingine hupima mawingu. Maktabani mambo hayo hayakai pamoja. Katika mpangilio wa Dewey, unaotumiwa na maktaba nyingi za umma, namba 629.4 ni ya safari za anga, na wengi huishia hapo, wakarudi nyumbani na picha nzuri za roketi. Anayetaka kununua huduma aende 384, penye mawasiliano, au 621.38, penye uhandisi wake; mkulima aangalie 630, na anayeuziwa bima 368. Mkutubi aulizwe kwa kazi anayoitaka msomaji, kwa mfano "kufuatilia magari" au "mvua na mazao", naye atafika haraka kuliko akiulizwa "setilaiti" peke yake.

Tuchukue kifaa cha kufuatilia gari, ambacho huuzwa kwa maneno kwamba "setilaiti italiona gari lako popote lilipo". Ensaiklopidia yoyote nzuri italivunja dai hilo katika ukurasa mmoja. Setilaiti za GPS, zilizo umbali wa kilomita 20,200 hivi juu yetu, hazioni gari lolote. Kazi yake ni kutangaza saa sahihi na mahali zilipo, basi. Kifaa kilicho garini hupokea matangazo ya angalau setilaiti nne na kupiga hesabu ya mahali kilipo. Habari hiyo humfikiaje mwenye gari? Kwa kawaida hupelekwa na laini ya simu iliyofichwa ndani ya kifaa, kupitia minara ileile tunayopigia simu. Gari likiingia katika pori lisilo na mtandao, ramani ya mwenye gari husimama, hata kama setilaiti zote zinafanya kazi barabara. Vipo vifaa vinavyohifadhi safari na kuituma mtandao ukirudi, na vipo vinavyotuma habari kwa setilaiti ya mawasiliano, ambavyo gharama yake ni kubwa zaidi. Kwa hiyo baada ya kusoma dakika kumi, mnunuzi haulizi tena "kinatumia setilaiti?" Anauliza: "Pasipo na mtandao, kinafanya nini?" Jibu la swali hilo liandikwe katika mkataba.

Serikali ya Marekani, inayomiliki GPS, inaeleza katika tovuti yake rasmi kwamba simu ya kawaida hukadiria mahali kwa kosa la takriban mita 5 chini ya anga wazi, na kwamba majengo na miti huongeza kosa hilo. Muuzaji anayeahidi kuonesha gari limeegeshwa mbele ya duka lipi kati ya maduka mawili yaliyobanana Kariakoo ameahidi zaidi ya mwenye mfumo.

Kuhusu intaneti ya setilaiti, jambo la kutazama kwanza ni mwaka wa kitabu. Vitabu vingi vya zamani husema kwamba intaneti hiyo huchelewa, na havikukosea. Setilaiti zilizoelezwa humo huzunguka kilomita 35,786 juu ya Ikweta. Ombi hupanda na kushuka, jibu nalo hupanda na kushuka, jumla zaidi ya kilomita 143,000. Na kwa kuwa mawimbi husafiri kilomita 300,000 hivi kwa sekunde, karibu nusu sekunde huishia njiani. Katika mazungumzo ya video, muda huo hutosha watu kukatizana maneno. Lakini mwaka 2019 kampuni ya SpaceX ilianza kurusha kwa makumi setilaiti za Starlink zinazozunguka karibu kilomita 550 tu kutoka ardhini, na kwa umbali huo safari zile nne hazifiki hata sehemu moja ya mia ya sekunde. Kitabu cha mwaka 2005 hakiwezi kumwambia msomaji habari hiyo. Kinaweza, hata hivyo, kumfundisha hesabu tuliyoifanya hapa, na hesabu haizeeki. Mnunuzi aulize setilaiti za huduma anayouziwa ziko umbali gani, kisha apige hesabu mwenyewe.

Mahali kilipoandikwa chanzo pia huhesabika. Mwongozo wa Ulaya utasema dishi la televisheni lielekezwe kusini na kuinama sana, kwa kuwa setilaiti hizo ziko juu ya Ikweta. Sisi tulio karibu na Ikweta hulielekeza juu zaidi, na upande hutegemea setilaiti yenyewe.

Wakulima nao siku hizi huuziwa programu za simu zinazoahidi "picha za shamba lako kila siku". Hapa uchunguzi ni rahisi na hauna malipo. Picha za setilaiti za Landsat za Marekani zimekuwa bure kwa umma tangu mwaka 2008, na za Sentinel-2 za Ulaya hutazamwa bure katika tovuti ya Copernicus Browser. Kwa Sentinel-2, nukta moja ya picha hufunika mita 10 kwa 10, hivyo ekari nzima ni nukta 40 hivi. Mche mmoja wa mahindi hauonekani kabisa. Setilaiti mbili za mfumo huo hupita mahali pamoja takriban kila siku 5, na wingu likitanda, picha ni ya wingu. Mkulima afungue tovuti hiyo, alitafute shamba lake, ahesabu picha safi za msimu wa masika uliopita. Atakachokipata huenda kikamsikitisha, lakini ndicho kipimo cha kile anachotakiwa kulipia. Picha kali zaidi zipo na huuzwa. Basi muuzaji ataje ni za setilaiti ipi na hupigwa kila baada ya siku ngapi.

Bima ya mifugo inayotumia setilaiti, iliyoanza Marsabit nchini Kenya mwaka 2010, imeandikwa sana na watafiti wa taasisi ya ILRI ya Nairobi, na maandishi mengi husomwa bure mtandaoni. Humo msomaji atakuta jambo ambalo wakala huweza kulipitia haraka: kinachopimwa ni ukijani wa malisho ya eneo zima, wala si ng'ombe waliokufa. Mfugaji anaweza kupoteza mifugo kwa ugonjwa na asilipwe chochote.

Tovuti ya muuzaji isidharauliwe, lakini isomwe kwa kazi yake: ndiyo yenye masharti. Mtumiaji ayahifadhi au ayachapishe pamoja na tarehe, kwa maana kurasa hubadilishwa. Jina la setilaiti likishatajwa, linaweza kutafutwa katika orodha ya vyombo vilivyorushwa angani inayowekwa na Umoja wa Mataifa kupitia ofisi yake ya Vienna. Wakala asipolijua jina hilo, hilo peke yake si ushahidi wa ulaghai, maana mara nyingi naye hakuelezwa. Aombwe alipate kwa maandishi kutoka kwa kampuni.

Mlalamikaji anayefika kwetu aje na stakabadhi, nakala ya tangazo yenye tarehe, mkataba, na maandishi hayo ya kampuni kama aliyapata.