Themanini kwa Ishirini: Kiongozi Afuate Watu au Afuate Kichwa Chake?

Nilipokuwa mwaka wa pili nilikuwa CR wa darasa letu. Kazi ya CR wote tunaijua: kukimbizana na wahadhiri, kutoa kopi, kupokea lawama. Semista ya kwanza mhadhiri mmoja alituambia tesiti ya pili itakuwa Ijumaa ya wiki ya 11, lakini darasa likitaka anaweza kuisogeza hadi wiki ya 14. "Kaulizane na wenzako, uniletee jibu," akasema. Nikaweka kura kwenye kundi la WhatsApp. Kufika usiku, watu 131 walitaka isogezwe na 22 walitaka ibaki palepale. Nikamwandikia: Dokta, darasa limeamua tusogeze.

Kuna jambo sikulisema kwenye kundi. Siku mbili kabla nilikuwa nimekaa na ma-CR wa kozi nyingine, na nilijua kwamba wiki ya 14 tayari ina tesiti mbili na kuwasilisha kazi za vikundi. Moyoni niliona kusogeza ni kosa. Ila nikajiambia, mimi ni nani? Wengi wameshasema. Nikipinga wataniona najifanya mjuaji.

Wiki ya 14 ilipofika tulikoma. Tesiti tatu ndani ya siku nne. Matokeo yalipobandikwa, wenzetu 17 hawakufikisha alama 16 kati ya 40 za kosiweki, maana yake hawakuruhusiwa kukaa kwenye UE ya somo hilo. Nikajitetea kwamba walipiga kura wenyewe. Rafiki yangu, naye akiwa mmoja wa hao 17, akanijibu taratibu tu: "Dada, kura tulipiga sisi, lakini ratiba ulikuwa nayo wewe."

Sikuwa na la kujibu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo ni kubwa kuliko darasa letu: mtu aliyepewa dhamana, awe CR, mbunge, waziri au rais, afuate wanachotaka watu au afuate anachoona yeye ni sahihi?

Swali lenyewe ni la zamani. Novemba 1774, kule Uingereza, Edmund Burke alichaguliwa kuwa mbunge wa mji wa Bristol, na siku hiyohiyo akawaambia wapiga kura wake kwamba hatakuwa tarishi wao. Kwa maelezo yake, mbunge anawapa watu bidii yake pamoja na akili yake, na akiitoa akili hiyo kafara kwa ajili ya maoni yao, anakuwa amewasaliti. Hoja yake ina uzito. Aliyeko bungeni anasikia pande zote na anasoma taarifa ambazo mwananchi wa kawaida hana muda nazo. Lakini ukiendelea na kisa chenyewe utaona watu wa Bristol nao walikuwa na neno la mwisho. Burke alikwenda kinyume nao katika mambo kadhaa, na uchaguzi wa 1780 ulipofika aliona hana kura, akajitoa.

Upande wa pili una hoja yake, na kwetu imo ndani ya Katiba. Ibara ya 8 inasema mamlaka yote msingi wake ni wananchi, na kwamba Serikali itawajibika kwao. Kwa lugha ya mtaani, kiongozi ni mtumishi, na mtumishi hamchagulii bosi wake chakula. Tena mwenye shida ndiye anayeijua. Hakuna mtaalamu wa Dodoma anayejua mto wa kijijini kwenu unafurika mwezi gani kuliko bibi yako anayelima kando yake.

Hoja zote mbili zinaeleweka, na ukizisoma zikiwa zimekaa hivyo kwenye karatasi unaweza kukubaliana na zote. Ndiyo maana mimi napenda kuzipima kwa mambo yaliyotokea hapa kwetu. Nimechagua mawili.

La kwanza ni vyama vingi. Wengi wetu tuliosoma Uraia sekondari tulikariri mwaka 1992 na tukaishia hapo. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, izunguke nchi nzima kuuliza swali moja kubwa: tubaki na chama kimoja au turudishe vyama vingi? Zaidi ya watu 36,000 walitoa maoni. Takriban asilimia 80 walisema tubaki na chama kimoja, na asilimia 20 hivi ndio waliotaka vyama vingi. Zanzibar pengo lilikuwa dogo zaidi, lakini hata huko waliotaka chama kimoja ndio waliozidi.

Kwa hesabu ya CR, kazi ilikuwa imekwisha. Themanini kwa ishirini, funga daftari. Tume haikufunga. Ilipendekeza nchi iingie kwenye vyama vingi. Mkutano Mkuu Maalumu wa CCM wa Februari 1992 ukakubali, na Mwalimu Nyerere, ambaye alikuwa ameshaachia uenyekiti wa chama mwaka 1990, aliunga mkono. Katiba ikabadilishwa, na tarehe 1 Julai 1992 mfumo mpya ukaanza rasmi.

Je, huko si kuwadharau watu? Nami nilidhani hivyo mara ya kwanza niliposikia zile asilimia. Nilipoendelea kusoma nikaona tume haikuzitupa zile themanini. Ilizifungua ione ndani yake kuna nini. Wengi kati ya waliosema chama kimoja kibaki hawakuwa wameridhika nacho; walitaka kibadilike. Tume ilisikia malalamiko hayo, na ikaorodhesha hata sheria 40 ambazo ilisema ni kandamizi, zifutwe au zirekebishwe. Halafu wale ishirini hawakuwa watu wachache. Ni mtu mmoja katika kila watano. Ukimwambia mmoja katika watano kwamba hana ruhusa ya kuwa na chama anachokitaka kwa sababu wanne wamekataa, unamnyima kitu ambacho hao wanne hawapungukiwi chochote yeye akikipata.

Hapo ndipo nilipopaona pa muhimu. Uamuzi wa 1992 haukumpokonya mtu wa themanini kitu chake. Aliyeipenda CCM aliendelea kuipigia kura, na Oktoba 1995, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo urudi, Benjamin Mkapa wa CCM alishinda urais kwa asilimia 61.8. Yaani karibu wanne katika kila kumi walichagua wagombea wa vyama vingine, katika nchi ambayo miaka minne tu nyuma wanne katika watano walikuwa wamesema vyama vingine havihitajiki. Maoni ya watu hayakuwa jiwe. Yalikuwa jibu la siku ile, kwa swali lile, kwa taarifa walizokuwa nazo.

Jambo la pili ni la uchungu zaidi, na wazee wetu wengi wanalikumbuka kwa miili yao. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967 na siasa ya vijiji vya ujamaa ikafuata, msisitizo wa Mwalimu ulikuwa kwamba watu wahamie kwa hiari. Kasi ikawa ndogo. Novemba 1973 likatoka agizo kwamba hadi mwisho wa 1976 kuishi vijijini litakuwa jambo la lazima. Ndipo ikaja Operesheni Vijiji. Mamilioni ya watu wakahamishwa, kwingine kwa magari ya Serikali, kwingine nyumba zikibomolewa au kuchomwa ili mtu asirudi.

Nia haikuwa mbaya. Kuwasogeza watu pamoja kulirahisisha kuwapelekea shule, zahanati na maji, na mimi ninayesomea ualimu siwezi kujifanya sioni shule zilizotokana na hayo. Lakini maofisa waliochora vijiji kwa rula hawakumuuliza mkulima. Watu wakajikuta mbali na mashamba yao, wengine kwenye udongo usiofaa mazao waliyoyazoea. Uzalishaji wa chakula ukaporomoka, ukame wa miaka hiyohiyo ukaongezea, na nchi ikalazimika kununua nafaka nyingi kutoka nje. Wakulima walikuwa wanaujua udongo wao. Hawakuwa na pa kulisemea.

Sasa yaweke matukio haya mawili pamoja. Yote mawili, viongozi walifuata kichwa chao. La kwanza leo tunalisifu, la pili tunalisimulia kwa sauti ya chini. Kwa hiyo swali la "wafuate watu au wafuate akili yao?" peke yake halitoshi kututenganishia uongozi mzuri na mbaya. Mimi naona kuna maswali matatu yanayotenganisha.

Moja: watu waliulizwa kweli? Sisi tunaosomea ualimu tunamjua mwalimu anayeuliza swali darasani huku jibu analo mfukoni. Wanafunzi wanamgundua ndani ya wiki moja na wanaacha kunyoosha mikono. Tume ya Nyalali iliuliza, ikahesabu, ikayaandika hata majibu yaliyokwenda kinyume na pendekezo lake. Mwaka 1973 hakukuwa na swali, kulikuwa na tarehe ya mwisho.

Mbili: kiongozi ametoa sababu zake hadharani, pamoja na zile taarifa alizonazo yeye peke yake? Kusema "sisi tunajua zaidi" si sababu. Kama unajua zaidi, basi tujulishe.

Tatu: uamuzi unawaachia watu uwezo wa kukurekebisha? Burke aliwapinga watu wa Bristol, lakini sanduku la kura lilibaki mikononi mwao. Uamuzi wa 1992 uliwaongezea wananchi njia ya kuiwajibisha Serikali. Mtu aliyebomolewa nyumba yake 1974 hakuwa na njia ya kuufuta uamuzi ule.

Najua kuna atakayeniambia: "Dada, unafungua mlango mbaya. Kesho kila mkubwa atapuuza maoni yetu kisha atasema hata Nyalali alifanya hivyo." Hofu hiyo ina msingi. Tume ya Jaji Joseph Warioba ilikusanya maoni nchi nzima, na rasimu yake ya Desemba 2013 ikapendekeza muundo wa serikali tatu. Bunge Maalumu la Katiba likairudisha kwenye serikali mbili, sehemu ya wajumbe wakatoka nje Aprili 2014, na Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa Oktoba mwaka huo. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 ikaahirishwa. Iwe unapenda serikali mbili au tatu, hilo ni jambo lako. Ninachosema ni kwamba wabunge wana haki ya kuwa na maoni yao, ila uamuzi wa mwisho ulikuwa urudi kwa wananchi, na haukuwafikia. Kwa kipimo changu cha tatu, mchakato ule uliishia njiani. Kumbe vipimo hivi havimpi mkubwa uhuru wa kufanya atakavyo. Vinambana.

Narudi kwenye tesiti. Zamani nilidhani nilikosea kwa kuwasikiliza wengi. Siku hizi naona sivyo. Ningeweza kwenda kinyume na kura 131 kimyakimya, nikamwambia mhadhiri tubaki wiki ya 11, na hilo pia lingekuwa kosa, hata kama watu wangefaulu. Kosa langu lilikuwa kuwaitia watu kura huku taarifa muhimu nimeikalia, kwa sababu niliogopa kuonekana mjuaji. Nilijificha nyuma ya namba. Huenda wale 131 wangeona ratiba nzima wangebaki na msimamo wao, na lingekuwa kosa letu sote. Huenda wangebadilika. Sikuwapa nafasi hiyo.

Semista iliyofuata niliomba niendelee na u-CR, na kwa kweli nilishangaa waliponipa. Kila jambo la kura nilianza kwa kuandika ninachokijua, nikafuatia na ninachopendekeza mimi na kwa nini, ndipo nikaweka kura. Mara mbili walinipinga, nikapeleka walichoamua. Mara moja niliwaambia wazi kwamba hili sitalipeleka, kwa sababu lilikuwa linawaumiza wenzetu wachache waliokuwa hawajapata bumu, na wakitaka CR mwingine wachague. Tulibishana hadi saa sita usiku. Hawakunitoa.

Uchaguzi wa serikali yetu ya wanafunzi unakuja, na mabango yameanza kubandikwa. Mgombea akisimama mbele yako akasema atafanya chochote mtakachotaka, muulize siku akijua jambo ambalo ninyi hamlijui atafanyaje. Na yule atakayesema yeye ana maono, muulize mkimkatalia mtamtoa kwa utaratibu gani.