Elimu ya Mlemavu ni Haki, Si Sadaka

Ni wachache katika sisi tuliopita chuoni ambao hawakuihifadhi Sura ya Abasa wangali wadogo, kwa kuwa imo katika Juzuu Amma. Lakini ni wangapi wanaokumbuka sababu ya kuteremka kwake? Kipofu mmoja, Abdullahi bin Ummi Maktum, alimwendea Mtume (S.A.W.) akitaka kufundishwa. Wakati huo Mtume alikuwa akizungumza na wakuu wa Makureshi, akitumai watasilimu. Aya zikateremka kwa ajili ya yule kipofu. Hakuja kuomba tonge wala nguo. Alikuja kutafuta elimu. Baadaye huyo huyo akawa mwadhini Madina, na Mtume aliposafiri aliwahi kumwachia kusalisha watu.

Ndugu msomaji, na tuyaweke hayo mbele yetu tunapoulizana: mtoto mlemavu ana haki gani shuleni?

Vyuo vyetu vya mwambao vilimfaa kipofu tangu zamani. Maalim alisoma, wanafunzi wakaitikia, na asiyeona akadaka kwa sikio, pengine akahifadhi kuwashinda wenye macho. Lakini kiziwi aliketi mkeka ule ule akaondoka mtupu, kwani mafunzo yote yalikuwa ya sauti. Akili yake haikuwa na kasoro. Mlango wa elimu ulifunguliwa upande asiokuwako. Skuli nako, penye ubao na vitabu, kipofu naye huachwa nje.

Hapo ndipo ilipo maana ya haki hii. Shule ndiyo ya kutengenezwa imfae mtoto. Kipofu apewe vitabu vya Breli, yale maandishi ya nukta sita yasomwayo kwa vidole, aliyoyabuni Mfaransa Louis Braille mwaka 1824, kijana wa miaka 15, naye mwenyewe kipofu. Kiziwi apate mwalimu ajuaye lugha ya ishara. Wa kiti cha magurudumu awekewe mteremko mahali pa ngazi, na choo chenye mlango mpana. Hata Baraza la Mitihani hutoa karatasi za Breli na za herufi kubwa, na huwaongezea muda wanaostahiki. Huko si kupendelewa. Mtihani ni ule ule. Kilichoondolewa ni kizuizi.

Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mlemavu haki ya kusoma katika shule zilizomo ndani ya jamii, kadiri ya maslahi yake, na haki ya kutumia lugha ya ishara na Breli. Kabla ya hapo, sheria ya 2003 ilikataza shule kumkataa mtu awezaye kujifunza kwa sababu ya ulemavu wake tu. Mwaka 2025 sheria mpya ilishika mahali pake. Basi mwalimu mkuu amwambiaye mzazi, "Mpeleke kwa wenzake," akumbuke kwamba mlango ule si mali yake. Shule maalumu zipo, kama ile ya vipofu ya Likoni, na kazi yao ni kubwa. Lakini mtoto apelekwe huko kwa kuwa ndiko kumfaako, si kwa kuwa kwingine amefukuzwa.

Nasi wazazi tujitazame. Wako wamfichao mtoto uani wageni wabishapo hodi, na wako wangojao apone ndipo asome. Miaka haimngoji mtu. Vituo vya serikali vya kuwapima watoto na kuwaelekeza shule vilianzishwa mwaka 1984. Mtoto apelekwe mapema, hasa asiyesikia, kwani lugha, hata ya ishara, huota mizizi utotoni.

Wazee wetu walisema hujafa hujaumbika, na maneno haya yanatuhusu sote. Kamati zetu za vyuo na misikiti hazikosi kuchangisha fedha za mabusati na vipaza sauti. Mchango ujao na utie mteremko mmoja mlangoni, na umlipie maalim mmoja akajifunze lugha ya ishara. Kiziwi naye ana Fatiha ya kusoma.