Mkwaja wasubiri vuli, mbolea ikipaa na moshi

KILA kiangazi kinapokaza, kati ya Agosti na Oktoba, wakazi wa Mkwaja, wilayani Pangani, mkoani Tanga, huweza kuamkia harufu ya majani yaliyoungua. Mchana upepo wa baharini huusukuma moshi kuelekea bara na watu wakapumua. Usiku na alfajiri upepo hugeuka. Umande, kama mabaharia wanavyouita upepo utokao bara, huurudisha moshi kijijini na kuutandaza juu ya minazi hadi jua lipande.

Kwa mpita njia hiyo ni kero ya macho na kikohozi tu. Kwa mkulima na mchuuzi ni hasara. Majivu yakiangukia dagaa walioanikwa, dagaa hao hawapati tena bei ya dagaa safi. Cheche ikitua kwenye paa la makuti, nyumba huteketea kabla ndoo ya pili haijafika. Wenye pumu na watoto wachanga ndio huumia kwanza. Wengi hujifunika kanga iliyoloweshwa, ambayo hunasa majivu lakini haizuii chembe ndogo za moshi zinazoingia kifuani. Kinachosaidia zaidi ni kutopika kwa kuni ndani ya nyumba siku za moshi mzito na kumwahisha zahanati anayebanwa kifua.

Hasara kubwa zaidi iko chini ya mikorosho. Majani yake makavu hujikusanya chini ya mti, na matawi yake huinama karibu na ardhi. Moto wa nyasi ukifika hapo hupanda mara moja. Mbaya zaidi, korosho huokotwa zikiwa zimeanguka, na msimu wa kuokota huanza wakati uleule wa ukame. Mahindi yakiungua mkulima hupoteza msimu mmoja. Mkorosho hungojewa miaka mitatu kabla ya zao la kwanza, na mingine kadhaa kabla haujazaa kikamilifu. Mnazi mrefu huchukua miaka sita au zaidi.

Nyasi zenyewe zina historia. Kuanzia mwaka 1954 kampuni ya Amboni, iliyojulikana zaidi kwa mkonge, iliendesha ranchi ya ng'ombe Mkwaja kwenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 462. Ndorobo na vichaka vya migunga viliisumbua kwa miaka mingi, na mwaka 2000 ranchi ilifungwa. Eneo hilo likaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa rasmi mwaka 2005. Nyasi zilizokuwa zikiishia matumboni mwa maelfu ya ng'ombe sasa hutegemea wanyamapori, na zisizoliwa hubaki zimesimama zikikauka.

Lakini si haki kuitupia hifadhi lawama zote. Moto hauna mpaka, na njiti inayowashwa kusafisha shamba kabla ya vuli inaweza kuvuka upande wowote. Ndiyo maana Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 ikaweka masharti ya kuchoma uoto.

Kwa nini mkulima huchoma? Kwa sababu ni rahisi, na kwa sababu mahindi ya mwaka wa kwanza hustawi kwenye majivu. Hapo ndipo hesabu humdanganya. Majivu huacha potasiamu na fosforasi, lakini sehemu kubwa ya naitrojeni, ambayo ndiyo hasa mkulima huinunua dukani kwenye mfuko wa urea, hupaa na moshi. Mvua kubwa ya kwanza ikikuta ardhi iko wazi, huyasomba hata hayo majivu.

Wapo wanaoamini kuwa moshi huita mvua. Utafiti wa Daniel Rosenfeld uliochapishwa mwaka 1999, uliotumia picha za satelaiti juu ya moto wa misitu ya Borneo, ulionyesha kinyume chake: chembe za moshi ziliyafanya matone ya mawingu kuwa madogo mno kiasi cha kushindwa kuanguka. Moto wa nyasi wa Mkwaja haufikii ule wa Borneo, lakini hakuna sababu ya kuutegemea ulete vuli. Vuli huletwa na ukanda wa mvua unaolifuata jua likielekea kusini, na nguvu yake hutegemea joto la bahari. Mwaka 2022 ilichelewa, na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgawo wa maji. Mwaka 2023, kwa El Niño, mvua zilizidi. Nako kuzidi kuna gharama yake: mvua nyingi huotesha nyasi ndefu, na nyasi ndefu ndizo kuni za kiangazi kinachofuata.

Kazi ya kujikinga, basi, huanza masika yanapoisha, mwezi Juni, nyasi zikiwa bado na ubichi. Palizi chini ya mikorosho na kufyeka ukanda mpana kuzunguka shamba hugharimu nguvu au vibarua. Tatizo ni kwamba Juni mfuko wa mkulima wa korosho uko mtupu, kwa vile fedha zake huja mwishoni mwa mwaka. Vikundi vya kuweka na kukopa vya vijijini, kama vicoba, vingemfaa zaidi vikitoa mkopo mdogo wa palizi wakati huo kuliko mkubwa baada ya moto kupita. Anayelazimika kuchoma aiarifu serikali ya kijiji na majirani, achome jioni upepo ukitulia, na asiondoke hadi makaa yapoe.

Na mawingu yakianza kujikusanya, wenye mapaa ya bati wanaokinga maji wafagie bati na michirizi kwanza. Mvua ya kwanza iachwe imwagike, kwa kuwa hushuka na majivu ya miezi mitatu. Pipa lifunguliwe bati likishatakata.