Mnyoo wa Ini na Majani Mabichi ya Kiangazi

Wakati wa kiangazi, nyasi za vilimani zinapokauka, mfugaji huwateremsha ng'ombe wake mtoni au kwenye vinamasi, mahali ambapo majani hubaki mabichi. Uamuzi huo ni wa busara, kwani bila malisho hayo mifugo ingekufa kwa njaa. Hata hivyo, miezi michache baadaye baadhi ya ng'ombe hao huanza kukonda ingawa wanakula. Maziwa hupungua, utando wa macho hupauka, na uvimbe laini hujitokeza chini ya taya. Wakichinjwa, ini huonekana limekakamaa, na kisu hukwaruza kana kwamba kinakata mchanga. Katika makala haya tutaeleza kwa nini majani yale yale yanayomwokoa ng'ombe na njaa ndiyo yanayomtia ugonjwa.

Mnyoo na konokono wake

Chanzo cha ugonjwa huo ni mnyoo bapa mwenye umbo la jani, aitwaye kitaalamu Fasciola gigantica. Urefu wake ni milimita 25 hadi 75. Mwingereza T. S. Cobbold ndiye aliyempa jina hilo mwaka 1855, baada ya kumchunguza mnyoo aliyetoka katika ini la twiga. Anaye ndugu yake aliye mfupi zaidi, Fasciola hepatica, ambaye hupatikana hasa katika nchi za baridi. Huku kwetu Afrika Mashariki hukaa katika nyanda za juu.

Kinachowatenganisha ndugu hawa wawili si ng'ombe, bali ni konokono. Kila mmoja hana budi kuishi sehemu ya maisha yake ndani ya konokono wa aina yake. F. gigantica humtegemea Radix natalensis, akaaye katika maji yaliyotulia au yaendayo polepole, F. hepatica humtegemea Galba truncatula, apendaye matope ya mahali penye baridi. Utafiti uliofanywa kusini mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa mtawanyiko wa minyoo hao hufuata mtawanyiko wa konokono wao.

Safari ya kimelea

Mnyoo mpevu hukaa katika mifereji ya nyongo. Mayai yake huteremka pamoja na nyongo hadi utumbo, kisha hutoka na kinyesi. Yakianguka penye maji ya vuguvugu, huanguliwa kwa muda wa wiki 2 hadi 3. Palipo na baridi huchelewa sana. Jambo hilo lilichunguzwa katika nyanda za juu za Kenya na J. A. Dinnik na N. N. Dinnik, ambao walichapisha matokeo yao mwaka 1963.

Kiluwiluwi kitokacho yaini huitwa mirasidiamu. Hakina muda: kisipompata konokono kwa takriban siku moja, hufa. Kikimpata, huingia mwilini mwake na kuongezeka humo bila kujamiiana, hata yai moja likazaa mamia ya viluwiluwi vyenye mkia, viitwavyo serkaria. Hivi huogelea, hujishikiza kwenye majani, hudondosha mkia na kujifunika kwa ganda gumu. Hapo ndipo ng'ombe, mbuzi au kondoo huvimeza.

Tumboni ganda huyeyuka, na mnyoo mchanga hutoboa ukuta wa utumbo na kuingia katika ini. Kwa wiki kadhaa hula njia yake ndani ya nyama ya ini, akiacha makovu na damu iliyovuja, mpaka afike katika mifereji ya nyongo. Hutaga mayai baada ya miezi 3 hivi. Kwa hiyo, kinyesi kikipimwa mapema hakionyeshi yai hata moja, ilhali ini limekwisha kuharibiwa.

Yatupasa kusahihisha dhana moja hapa. Ini lenye minyoo hutupwa machinjioni kwa sababu limeharibika, wala si kwa sababu mlaji atapata ugonjwa kwa kula minyoo wapevu. Binadamu huambukizwa kama ng'ombe anavyoambukizwa: kwa kula mbichi mimea iotayo majini, au kwa kunywa maji yenye vimelea.

Kuukata mzunguko

Dawa iitwayo triklabendazoli, iliyoanza kutumika mwaka 1983, huua minyoo wachanga na wapevu. Nyingi za dawa nyingine huua wapevu tu. Lakini mwaka 1995 iliripotiwa kutoka Australia kuwa wamo minyoo wasiodhurika nayo. Dawa peke yake, basi, haitoshi. Sumu ya kuua konokono nayo huua samaki.

Wataalamu walitafuta njia nyingine huko Indonesia. Waligundua kuwa minyoo fulani wa bata huishi katika konokono yule yule, na viluwiluwi vyao huwala wale wa mnyoo wa ini. Wakulima wakashauriwa kuchanganya kinyesi cha bata na cha ng'ombe kabla ya kukipeleka katika majaruba ya mpunga. Aidha, ilionekana kuwa vimelea hujishikiza zaidi kwenye sehemu ya chini ya shina la mpunga. Sehemu ya juu, iliyokauka vema juani, ni chakula salama zaidi.

Kwa mfugaji wetu, hatua zilizo karibu ni hizi: kunywesha katika birika lililo mbali na tope, kukausha majani ya bondeni kabla ya kuyalisha, na kupanga majira ya dawa pamoja na mganga wa mifugo.

Wanafunzi wanaweza kuanza na makombe makavu ya konokono yaliyookotwa ukingoni, bila kuingia majini, kwani humo mna hatari ya kichocho. Shika kombe ncha ikiwa juu na mdomo ukikuelekea. Mdomo wa Radix huwa upande wa kulia. Wa Bulinus, aenezaye kichocho cha mkojo, huwa upande wa kushoto. Atakayeweza kutofautisha makombe hayo mawili ataweza pia kumwonyesha mzazi wake ni bonde lipi la kutiliwa shaka kabla ya kiangazi kijacho.