Rangi Mpya kwa Trekta Kuukuu

Mwenzetu mmoja anataka kuuza trekta lake, Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964. Anauliza: je, alipake rangi kwanza?

Mimi nasema asifanye haraka. Mnunuzi mzoefu aonapo rangi mbichi juu ya chuma cha zamani, hujiuliza kimefichwa nini: ufa, alama ya kulehemu, au mahali panapovuja oili? Hata kama hukuficha kitu, atapunguza bei kwa shaka yake.

Kwanza lioshe. Injini ikiwa imepoa, toa grisi iliyogandamana kwa brashi na mafuta ya taa, kisha maji na sabuni. Utashangaa jinsi wekundu wa boneti unavyorudi! Liache siku moja au mbili uone panapovuja. Hapo ni kazi ya fundi, si ya rangi. Fedha hizo afadhali ununulie betri, maana trekta linalowaka kwa kusukumwa tu halimpendezi mtu, hata likimetameta. Na kama linatoa moshi wa buluu, injini inaunguza oili. Mwambie mnunuzi kabla hajauona mwenyewe.

Boneti iliyoanza kuliwa na kutu, hiyo yafaa kupakwa. Ikwangue mpaka chuma, tia rangi ya kuzuia kutu, ndipo utie nyekundu. Lakini kibati chenye namba ya trekta usikiguse. Namba ikizibwa, mnunuzi atadhani ni mali ya wizi.