Bastola ya mtumba kwa mtu wa Isiolo

Mfanyabiashara wa ngamia niliyekuwa nikinywa naye chai mjini Isiolo alinisogezea simu yake. Kwenye kioo palikuwa na picha ya bastola nyeusi, fupi, ya kuenea kiganjani: CZ 82. "Ndugu yangu, kule Marekani hii inauzwa mtumba. Mbona sisi hatuletewi?" Alikuwa ametoka mnadani, pesa za ngamia wawili ziko kiunoni, na jua limeanza kushuka. Mtu wa namna hiyo huwezi kumcheka.

Neno lake la mtumba lilinipendeza, kwa sababu ndilo lenyewe. Bastola hiyo iliundwa Chekoslovakia kwa ajili ya jeshi, ikaanza kutumika mwaka 1983. Miaka kumi baadaye nchi ikagawanyika kuwa mbili, na silaha ambazo majeshi hayakuzihitaji tena zikatafutiwa wanunuzi.

Isiolo inaujua mtumba wa kijeshi kuliko miji mingi. Mji wenyewe ulikuzwa na Wasomali waliopigana upande wa Mwingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha wakapewa mahali pa kukaa vita vilipokwisha. Bunduki nazo zikafuata mkondo huo. Mark 4, ambayo Waingereza waliibeba katika Vita vya Pili na kuanza kuiacha miaka ya 1950, iliendelea kuning'inia mabegani mwa polisi wa akiba wa kaskazini kwa miongo kadhaa baadaye. Idi Amin wa Uganda alipong'olewa mwaka 1979, ghala la kambi ya Moroto liliporwa na Wakaramoja. Mwaka 1991 Siad Barre wa Somalia alikimbia mwezi wa Januari na Mengistu wa Ethiopia mwezi wa Mei, wanajeshi wao wakatawanyika na bunduki zao. Kwa hiyo mtu wa huku akisikia silaha za ziada, picha inayomjia si ya duka lenye kabati la kioo. Anaona serikali ya jirani ikianguka.

Lakini turudi kwa bastola, maana rafiki yangu alitaka jibu, hakutaka historia. CZ 82 ina sifa zake: magazini yake inabeba risasi 12, na ikiwa tupu uzito wake ni kama gramu 800, chini ya pakiti ya kilo moja ya sukari. Makarov ya Kirusi ni nyepesi kidogo, ila inabeba 8 tu. Tokarev ni nyembamba na hujificha vizuri chini ya shati, lakini ile ya asili ilitengenezwa bila kidude cha pembeni cha kuifunga isilie. Kwa mtu anayepanda na kushuka bodaboda kutwa nzima, hilo pekee linatosha kuikataa.

Kasoro ya mtumba wa Ulaya Mashariki hujitokeza kwenye risasi. CZ 82 na Makarov zinakula risasi yenye ganda la milimita 18. Ile iliyozoeleka Kenya kwa bastola, ambayo hata kiwanda cha risasi cha serikali kilichoko Eldoret huitengeneza, ganda lake ni milimita 19, na hizo mbili haziingiliani. Ukinunua bastola rahisi ambayo risasi zake hazipatikani kihalali, umenunua nyundo ya bei ghali. Na huku kaskazini risasi ndiyo habari yenyewe: mwaka 2008 watafiti wa Small Arms Survey walichunguza risasi zilizokuwa mikononi mwa raia kule Turkana Kaskazini, wakakuta nyingi zimetoka Eldoret.

Kisha kuna umbali. Hapa ndipo mimi na yule mfanyabiashara tulipobishana. Bastola fupi ni silaha ya mlangoni, ya hatua chache. Ukiwa unahema na mkono unatetemeka, hata hizo hatua ni nyingi. Mvamizi wa barabara zetu huja na AK-47, naye hufyatua kutoka kichakani kabla hujajua yuko wapi. Mkuu wa wilaya ya Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, aliuawa Juni 1963 pamoja na chifu Haji Galma Dido, wakiwa safarini. Sioni bastola ya kiunoni ingewafaa nini.

Alinijibu kwa Westgate. Septemba 2013 Abdul Haji, mwana wa Yusuf Haji wa Garissa, aliingia katika jengo lile la maduka la Nairobi, lilipokuwa limevamiwa na magaidi, na bastola yake akasaidia kuwatoa watu. Ni kweli, na sina neno la kumpunguzia sifa. Ila alikuwa na leseni, na hakuwa peke yake.

Leseni yenyewe si ya kuchukua kama mkate. Bodi ya Leseni za Silaha hutaka sababu ya maana na mtu asiye hatari kwa wenzake. Desemba 2018 Fred Matiang'i, waziri wa usalama wakati huo, aliwaamuru hata waliokuwa nazo wakaguliwe upya katika siku 90. Anayeona safari hiyo ni ndefu akakimbilia bunduki ya kichakani akumbuke kwamba kukutwa na AK-47 au G3 bila kibali kunaweza kukufunga maisha. Na hata ukiwa na kibali, siku utakayofyatua, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 17, inaipima nguvu uliyotumia kwa misingi ya sheria ya kimila ya Kiingereza: je, ililingana na hatari? Jaji atauliza hilo akiwa ameketi, wewe uliamua umesimama gizani.

Mwenzangu alisikiliza, akageuza simu kifudifudi. Swali lake la mwisho halikuhusu aina ya bastola.

"Nikilala, inalala wapi?"

Nikamwambia sheria inamtaka mwenye silaha aitunze isifikiwe na mwingine, na akiipoteza aripoti. Yaani sefu ya chuma. Ana watoto watano na nyumba ya mabati mtaa wa Bulla Pesa. Alicheka hadi mwenye hoteli akageuka.

"Sefu kwa nyumba yangu? Mwizi si ataanza na hiyo!"

Akalipa chai, akampigia binamu yake aje na gari, pesa zifike nyumbani kabla ya magharibi.