Sakafu Iliyoliwa na Kutu: Tafuta Maji Kabla ya Kukata Bati

Gari lililosafirisha samaki kati ya Kilwa ya Ziwa Mweru na Lubumbashi huanza kuoza mahali ambapo dereva hapatazami: chini ya miguu yake. Barabara hiyo ya kilomita zipatazo 350, inayopitia Kasenga, imebeba samaki wa Mto Luapula na ziwa hilo tangu enzi za wafanyabiashara wa Kigiriki waliowapakia kwenye barafu na kuwapeleka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Barafu huyeyuka njiani, na samaki wa chumvi huchuruza maji yake. Kwenye gari la aina ya steshenwageni hakuna ukuta wa kuyazuia, na hata kwenye pikapu utakuta ndoo na mifuko imeishia ndani ya kabini, chini ya miguu ya abiria.

Ziwa Mweru ni la maji baridi, kwa hiyo wengi hudhani magari ya huku yamesalimika na balaa la magari ya pwani. Si kweli. Chuma kikikutana na maji na oksijeni hugeuka kutu popote pale. Chumvi ya samaki inaharakisha kazi hiyo kwa sababu maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, na kutu ni kazi ya umeme mdogo unaotembea kutoka sehemu moja ya bati hadi nyingine. Tena chumvi huvuta unyevu wa hewani. Ikishaingia kwenye maungio ya sakafu, bati linaendelea kuliwa hata miezi ya kiangazi.

Mvua za huku Katanga, za kuanzia Novemba hadi Aprili, huleta sehemu iliyobaki. Vumbi jekundu la kiangazi huziba matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya milango na kwenye boriti za pembeni. Mvua ikija, maji hayana pa kutokea. Mpira wa kioo cha mbele nao, ukishakauka kwa jua, hupitisha maji nyuma ya dashibodi, yakateremka kimyakimya hadi chini ya kapeti. Hapo ndipo pabaya kuliko pote, maana lile tandiko la nguo lililowekwa chini ya kapeti kupunguza kelele hukaa na maji kama sifongo, wiki baada ya wiki, huku kapeti juu ikionekana kavu.

Kwa hiyo usiguse msumeno kwanza. Toa viti, kapeti na tandiko lote. Mwenzako amwagie maji kioo cha mbele, mlango mmoja mmoja, na matundu ya hewa yaliyo chini ya kioo, wewe ukiwa ndani na tochi. Fundi anayekata bati kabla ya kujua maji yanaingilia wapi anajiandalia kazi ileile ya mwakani, na mwenye gari ndiye atakayelipa mara mbili. Naliona jambo hili kila mara, na linaniuma, kwa sababu magari haya hayatengenezwi tena.

Kila gari la zamani lina mahali pake pa kuanzia. Kwenye Volkswagen Beetle, sakafu ni mabati mawili yaliyochomelewa kwenye uti wa katikati, na betri imekaa chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia. Asidi yake ikimwagika, bati la hapo hutoboka kabla ya kona nyingine zote. Kwenye Land Rover za zamani watu hudanganywa na bodi ya alumini, wakasahau kwamba ukuta wa mbele, pamoja na mahali dereva anapoweka miguu, ni chuma. Peugeot 404 haina chesisi ya pekee: sakafu, boriti za pembeni na nguzo za milango ndizo zinazoshika gari zima. Ukikata sakafu yake bila kuchomelea vyuma vya muda kwenye fremu za milango, bodi inapinda, na milango haitafunga tena.

Sasa kukata. Gonga kwa nyundo ndogo, kisha choma kwa bisibisi. Bati zima hulia na kukurudishia bisibisi. Lililooza hunyamaza na kutoboka. Usisimame kwenye ukingo wa tundu, endelea mpaka ufike kwenye chuma chenye unene wake wa asili. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, na ikiwa katikati ya mabati mawili huyasukuma yakaachana. Kiraka kilichofunika hali hiyo kinaificha tu. Lami na faiba juu ya kutu ni vibaya zaidi, kwa kuwa hufungia unyevu ndani.

Bati la kuezekea nyumba ni jembamba mno, na zinki yake ikichomwa hutoa moshi unaomletea fundi homa. Tafuta bati jeusi la milimita 1. Wengi wetu Lubumbashi hupasua mapipa ya lita 200, na chuma chake kinafaa, ila uliza kwanza pipa lilibeba nini. Lililobeba petroli laweza kulipuka kwa cheche moja hata likionekana tupu, na lililobeba kemikali za migodini usilichukue kabisa. Pia usifunge kiraka kwa ribiti za shaba, ingawa shaba tunayo tele. Shaba ikigusana na chuma penye maji, chuma ndicho kinacholiwa.

Kabla ya kuchomelea, ondoa betri, ondoa tangi la mafuta na mabomba yanayopita chini, na uwe na ndoo ya mchanga karibu. Mashine ya waya mwembamba ndiyo bora. Ukiwa na ya vijiti peke yake, tumia vijiti vya milimita 2 au pungufu na umeme mdogo. Weka nukta kwenye kona, hamia upande wa pili, acha bati lipoe, ndipo urudi katikati ya nukta mbili. Ukivuta mstari mmoja mrefu bati litajikunja. Pale ambapo kiwanda kiliunganisha mabati kwa nukta, toboa matundu ya milimita 6 hadi 8 kwenye bati la juu, uyajaze kwa kuchomelea.

Rangi si kazi ngumu: rangi ya kuzuia kutu pande zote mbili, gundi ya maungio kwenye kila mshono, nta ndani ya boriti zilizofungika, na vizibo vya mpira virudi kwenye matundu yake.

Halafu mwaga maji tena kama mwanzo, kioo, milango, matundu ya hewa, na upapase sakafu kwa kiganja mpaka kwenye kona. Ukikuta unyevu, hata kidogo, kapeti hairudi ndani.